Darasa la cherehani mtaani kwa watu wazima wanaoanza sifuri, hivi ndo ninavyoliendesha

Huu ni mwaka wa sita naendesha darasa la kushona hapa mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, Jumamosi jioni, na wanafunzi wangu karibu wote ni watu wazima ambao hawajawahi kukalia cherehani hata siku moja, wamama wa kuanzia 30 na kitu mpaka 60 na ushee, wababa wachache, na vijana wawili watatu wa bodaboda waliochoka kupeleka suruali kwa fundi kila zipu ikikatika. Kila mwezi kuna mtu ananiuliza dada nataka na mimi nianzishe kwetu, naanzaje? Sasa badala ya kumjibu mmoja mmoja naandika yote hapa, chukua unachoweza.

Kabla hujanunua hata sindano naomba hili likukae kichwani: siku ya kwanza mtu mzima lazima aondoke na kitu alichoshona kwa mkono wake. Kwa fundi wa barazani mwanafunzi anaanza kwa kufagia, kupepea mkaa wa pasi, kushona vifungo, miezi inakatika ndo anaruhusiwa kugusa cherehani, na kijana wa miaka 16 anavumilia kwa sababu muda anao. Mama wa miaka 45 amemwachia mtu genge lake, ameacha wajukuu nyumbani, akikaa Jumamosi mbili anaangalia tu, ya tatu humuoni, na hatokwambia kwa nini, atasema alipata msiba. Mwaka wangu wa kwanza nilianza na ubao, nikachora cherehani nzima nikaandika majina ya kila sehemu, tulianza watu 14 mwisho wa mwezi wakabaki 5. Iliniuma sana na ndo maana nasisitiza.

Sehemu ya kufanyia tafuta ambayo watu wanafika kwa miguu, ofisi ya serikali ya mtaa, ukumbi wa kanisa, madrasa vipindi vikiisha, darasa la shule ya msingi siku za wikiendi. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa umweleze, wenyeviti wengi wanapokea vizuri jambo kama hili na yeye mwenyewe atakutangazia. Ukifika kuangalia chumba angalia mwanga na angalia mlango, maana cherehani za kubeba kwenye bajaji kila wiki zitakushinda, lazima zilale palepale na kufuli liwe la kueleweka. Muda wetu ni saa 9 mpaka saa 11 na nusu jioni, tunasimama kidogo kwa sala ya alasiri, tulijaribu asubuhi ikagoma kabisa maana Jumamosi asubuhi ni kufua na soko. Na watoto watakuja, usiwakataze, tandika mkeka pembeni mbali na mikasi na pasi, mama akikatazwa kuja na mtoto umemkataza yeye.

Cherehani zenyewe

Chukua za miguu. Butterfly ya miguu au Singer ya zamani, basi. Najua za umeme ndogo zinavutia na ni nyepesi lakini anayeanza akikanyaga ya umeme inamkimbia kama imetumwa, anaogopa, mikono inaganda, halafu umeme ukikatika darasa limeishia hapo. Ya miguu inakwenda kwa mwendo wa mtu mwenyewe, vipuri vyake Kariakoo vimejaa, na fundi yeyote mtaani anaijua.

Na usikimbilie kununua. Pita nyumba kwa nyumba uulize, utashangaa cherehani ngapi zimelala, ya bibi, ya marehemu mama, imefunikwa kitambaa cha kudarizi na juu imewekwa TV. Omba kuazima kwa maandishi, mwenyekiti ashuhudie, ahidi kuitengeneza na kuitunza, na mwenye nyumba apewe nafasi ya mtu mmoja kusoma bure. Mimi tatu kati ya tano nilipata hivyo. Mara nyingi ubovu wake ni mkanda umelegea na mafuta yamekauka tu. Mkanda wa ngozi ukilegea unakata kipande kidogo unaunga tena na klipu yake. Ikiwa imekaza dondoshea oili ya cherehani kwenye kila tundu na kila panapokutana chuma na chuma, iache ilale usiku kucha, kesho zungusha gurudumu kwa mkono taratibu. Oili ya cherehani nimesema jamani, sio mafuta ya kula, yale yanaganda humo ndani yanakuwa kama gundi na utamlipa fundi kuyabandua.

Watu wawili kwa cherehani moja ndo hesabu nzuri, mmoja anashona mwenzake anakata au anafumua, halafu wanabadilishana. Watatu wakishakuwa pale mmoja anageuka mtazamaji. Kwaiyo ukiwa na cherehani nne chukua watu nane, wengine waandike wasubiri awamu nyingine hata wakinuna.

Vitu vidogo vidogo: futi ya kamba, chaki, pini, wembe wa kufumulia, sindano za cherehani namba 14 kwa vitambaa vya kawaida na 16 kwa vizito, nyuzi, na mikasi ambayo haikati kitu kingine chochote zaidi ya kitambaa, ukikatia karatasi inakufa makali. Kitambaa cha mazoezi nenda kwa mitumba ununue mashuka ya pamba yaliyochakaa, shuka moja kubwa linatosha watu nane wiki mbili, na waombe mafundi wa jirani mabaki ya vitenge, wengi wanayatupa.

Halafu miwani. Hiki kitu hakuna aliyeniambia. Mtu akishafika miaka 40 na kitu macho ya karibu yanaanza kupungua nguvu, wengi hawajui, wanadhani ni uchovu, sasa ukimwambia aingize uzi kwenye sindano ya cherehani anajaribu mara moja, mara tano, watu wanamwangalia, anasema mimi sitaweza haya mambo ni ya watoto. Kuna mama mmoja wa miaka 58 alifikia kusimama achukue mkoba wake aondoke. Nikamwazima miwani ya kusomea ya mama yangu, nikaweka kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya tundu la sindano, nikaukata uzi mshazari akaulamba ncha, ukapita mara ya kwanza. Alikaa kimya kama dakika nzima anautazama ule uzi. Tangu siku hiyo kwenye boksi la darasa kuna miwani mitatu ya kusomea, ya nguvu tofauti, inapita mkono kwa mkono kama chaki, na mwenye shida kubwa zaidi namshauri aende akapimwe macho hospitali.

Siku ya kwanza

Toa uzi, wacha sindano, weka karatasi ya daftari yenye mistari. Mtu azungushe gurudumu kwa mkono wa kulia, gurudumu lije upande wake, na sindano itoboe juu ya mstari. Hakuna kukanyaga bado. Dakika kumi za hivyo macho na mikono vinaelewana. Ukimaliza badilisha hiyo sindano maana karatasi inaila makali, zangu za karatasi nimezitenga kwenye kikopo chake.

Baada ya hapo tunashona kitambaa cha kushikia sufuria, na chenyewe tunakishona kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono hivyohivyo. Kata vipande viwili vya kitenge inchi 8 kwa 8, na kimoja cha taulo kuukuu saizi hiyohiyo. Taulo chini, juu yake kitenge cha kwanza uso ukiangalia juu, juu yake kitenge cha pili uso ukiangalia chini, yaani nyuso za vitenge zinabusiana. Piga pini. Shona kuzunguka ukiacha nusu inchi pembeni, na upande mmoja acha wazi kama inchi 3. Punguza kona kwa mkasi, geuza kwa kupitia ule uwazi katikati ya vitenge viwili, sukuma kona kwa penseli, kunja ule uwazi kwa ndani kisha shona tena juu kuzunguka kwa ukingo. Kimeisha. Kwa mtu wa kwanza kabisa ni kama saa moja na nusu na mistari itakwenda kombo, iache iende kombo, usimfumulie siku hiyo. Jioni hiyo anakwenda kuipua ugali na kitu chake na mume na watoto wanakiona, na hapo umeshampata.

Kukanyaga na uzi unaojisokota

Wiki ya pili ndo miguu. Legeza ile nati ya katikati ya gurudumu ili sindano isiende, inua mguu wa cherehani juu, yaani kile kichuma kinachobana kitambaa chini ya sindano, ili meno ya chini yasiwe yanasaga chuma, halafu mtu akanyage tu. Tatizo la kila mtu ni gurudumu kurudi kinyume, na likirudi kinyume na sindano ina uzi, uzi unakatika au unajikunja. Dawa yake ni kuanzisha kwa mkono, sukuma gurudumu lije kwako kisha miguu iudake ule mwendo, mguu mmoja mbele kidogo mwingine nyuma, visigino navyo vifanye kazi, sio vidole peke yake. Wengine wanashika dakika tano wengine wiki mbili, na nimegundua wanaoshona wamevua viatu wanashika haraka.

Sasa jambo litakalokula muda wako kuliko yote ni hili, uzi kujisokota chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Kila mtu atakuita, dada cherehani hii mbovu. Mara nyingi sana haina ubovu. Kiota kikiwa chini ya kitambaa kosa liko juu, hiyo ikariri. Uzi wa juu haujapita katikati ya zile sahani mbili za kukazia, au mtu ameanza kushona kabla hajashusha mguu wa cherehani, au hakuvuta nyuzi zote mbili kwa nyuma akazishikilia mishono miwili mitatu ya mwanzo. Toa uzi wote wa juu, inua mguu, pitisha uzi upya tangu kwenye kibiringo, shusha mguu, jaribu. Ukiona bado angalia bobini, ile inayobeba uzi wa chini, imekaa sawa kwenye kichuma chake na uzi wake umepita kwenye kale kamwanya.

Ukiona mshono umeruka ruka, yaani hapa umeshika hapa haujashika, hiyo ni sindano, imepinda au imekuwa butu au imewekwa kwa kugeuzwa. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, mfereji unatakiwa uangalie upande ambao uzi unaingilia, na sindano ipande juu mpaka igonge ndo ukaze skrubu. Na uzi wa chini ukiwa unachungulia juu ya kitambaa, wa juu umekazwa mno, legeza kidogo kidogo. Mimi nimeandika haya matatu kwenye boksi la karatasi nikalibandika ukutani, na sheria ya darasa ni kwamba kabla hujaniita umeshapitisha uzi upya wewe mwenyewe. Hii sheria inaonekana ngumu wiki ya kwanza lakini ndo inayomfanya mtu aweze kushona nyumbani kwake peke yake.

Namna ya kumkosoa mtu mzima

Mimi nina miaka 34. Nusu ya wanafunzi wangu nawaamkia shikamoo. Sasa huwezi kusimama nyuma ya bibi wa watu ukasema hapa umekosea mbele ya wenzake, hata kama umesema kwa upole, huyo kesho haji. Ninachofanya navuta kigoda nakaa pembeni yake, nachukua kitambaa changu, namwambia mama hebu tuangalie hapa pamoja, nashona yangu palepale polepole, anaona tofauti mwenyewe. Kufumua nafumua na mimi, mshono mmoja yeye mshono mmoja mimi, kwa wembe, kutoka upande wa chini unakata mshono mmoja kila baada ya minne hivi halafu unavuta uzi wa upande wa pili unatoka wote. Na wale wasiojua kusoma vizuri wapo, kwaiyo vipimo tunavionyesha kwa fundo, kipande cha kamba chenye fundo kwenye kiuno, fundo kwenye nyonga, fundo kwenye urefu, na mtu anakata sawasawa kabisa.

Wanaume usiwatenge pembeni. Wakija wape kazi ya kwanza ileile ya sufuria, wanaipenda tu.

Kuelekea sketi

Kati ya wiki ya tatu na ya nne tunashona mfuko wa sokoni, unafundisha upindo na kushona mikono ya kubebea kwa kisanduku chenye alama ya X ndani yake ili isichomoke. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa kitambaa kila nyumba inauhitaji, na kuna wanafunzi wamepata wateja wao wa kwanza hapohapo.

Nguo ya kwanza ni sketi ya lastiki. Watataka gauni la mshono wa harusi, kataa kwa upendo, gauni lina zipu na shingo na mabega, ni mapema. Kitenge kwanza kilowekwe kwenye maji kikaushwe kipigwe pasi, maana cha pamba kinaweza kurudi kikifuliwa na sketi ikawa fupi baada ya kazi yote hiyo.

Chukua mfano wa mtu mwenye kiuno 32 na nyonga 40, anataka sketi ya urefu wa inchi 30. Nyonga 40 ongeza 10 za kujiachia, ni 50, gawa kwa mbili kwa sababu mbele na nyuma ni vipande viwili, kila kimoja 25, ongeza nusu inchi kila upande ya mshono, unapata 26. Urefu 30, ongeza inchi 1 na nusu juu ya kupitisha lastiki na inchi 1 na nusu chini ya upindo, ni 33. Basi kila kipande ni upana 26 kwa urefu 33, viwili vikifuatana vinakula inchi 66 za kitambaa, yadi 2 ni inchi 72 kwaiyo yadi 2 zinatosha na pembeni kinabaki kipande kirefu cha kilemba. Kabla ya kukata tandaza kitenge uangalie maua, kama kina ndege au mti wenye juu na chini hakikisha vipande vyote viwili vinaangalia juu, nimewahi kuona mama analia kwa ndege waliokaa kichwa chini kwenye makalio na kitenge kilikuwa zawadi ya binti yake.

Shona ubavu wa kulia na wa kushoto, kingo zipitie ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo zisichomoke nyuzi, kwa fundi wa jirani au kama hakuna, pinda kila ukingo kidogo upige mshono juu yake. Juu kunja robo inchi, kunja tena inchi 1 na robo, shona pembezoni ukiacha mdomo wa inchi 2. Lastiki ya upana wa inchi 1 ikate inchi 30, yaani mbili chini ya kiuno, ichome pini kubwa mwanzoni uipitishe mpaka izunguke, ipande inchi 1 ncha juu ya ncha, ishone kwa nguvu, kabla hujaziba ule mdomo mtu aivae kwanza. Wengine hawapendi ikibana. Ikishakaa sawa ziba, kisha pindo la chini, na lenyewe kabla ya kushona lipige bandi kwa sindano ya mkono, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, anayeanza asitegemee pini peke yake kwenye pindo refu.

Pesa

Sisi kila mtu anatoa elfu 2 kwa kila darasa, ya oili, sindano, uzi na mkaa wa pasi, na asiye nayo siku hiyo anakuja hivyohivyo anasaidia kupanga viti. Daftari la pesa linakaa kwa mwanafunzi, sio kwangu, na linasomwa kila mwisho wa mwezi mbele ya wote. Wakishaelewana wengi wanataka kuunda kikundi, hapo waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kuna mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, lakini kikundi lazima kisajiliwe na ushauri wangu msikope mpaka muwe na oda mkononi, hasa oda za sare za shule, na hizo mzianze mapema kabla ya Januari. Anayetaka cheti aulize VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, wana kozi za ushonaji na pia wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia ujuzi mtaani na kuurasimisha.

Awamu yetu ni wiki 8. Zikiisha usiwaambie kwaherini, wengi hawana cherehani nyumbani na mikono inasahau haraka, sisi tunafungua mlango Jumapili kuanzia saa 8 mchana, hakuna mwalimu, mtu anakuja na kazi yake anashona. Funguo anakaa nayo yule mama wa miwani. Wa mwisho kutoka anafuta vumbi, anaweka kipande cha kitambaa chini ya mguu wa cherehani anaushusha, anatoa mkanda kwenye gurudumu watoto wasije wakachezea, anafunika.